Mwaka Kijiji Chetu Kilipoingojea Belize

Enzi zetu, sisi tuliokulia juu huku Ufipa, upande wa Pito, mtoto aliijua baridi kabla hajalijua jina lake. Juni ikiingia, upepo ulikuwa unapita uwanda mzima bila kizuizi, nasi tunakwenda shule pekupeku, visigino vimepasuka magaga, kila mmoja na ufagio wake mkononi na daftari kifuani ndani ya gauni lisilowe umande. Watoto wa siku hizi wakiona wingu moja tu wanavaa sweta mbili na kofia, halafu wanauliza kwa nini gari la shule limechelewa. Gari letu lilikuwa miguu, na halikuwahi kuharibika.

Sikumbuki kama tulijiona maskini. Sukari ilikuwa imetoweka madukani, sabuni ilikuwa hadithi, nguo tulifulia maji ya majivu na zilitakata. Lakini ghala la ulezi lilikuwa limejaa, na ugali wake mwekundu ukiingia tumboni asubuhi ulikuwa hauna haraka ya kutoka. Siku baba aliporudi kutoka mjini na samaki aina ya migebuka waliopandishwa kutoka ziwani, mama alikuwa akifunga mlango wa jiko ili harufu isialike kijiji, na kijiji kilikuja vilevile. Mvua zikianza tulikwenda kuokota uyoga; zikikaribia tulikuwa tumeshakula masuku, yale matunda ya porini, mpaka tumbo linauma. Jioni tulicheza rede na kombolela hadi tuitwe kwa majina yote mawili, na ukiitwa kwa majina yote mawili ulijua mchezo umekwisha.

Basi hayo kila mzee wa rika langu anaweza kukusimulia, na anayeyasimulia huongeza chumvi. Mimi ninalo moja ambalo wenzangu hawana. Wakati watoto wengine wa kijijini walikuwa na mbuzi wa kuchunga, mimi Leokadia binti Dismas nilikuwa na nchi.

Aliyenipa nchi alikuwa Mwalimu Alfonsi, mwalimu wetu wa darasa la sita. Huyu bwana alikuwa mwembamba, shati lake moja jeupe halikosi pasi ya mkaa, na aliamini kwamba mtoto asiyejua dunia inakwenda wapi atalima maisha yake yote bila kuinua kichwa. Januari ya mwaka ule, mwaka uliofuata ule Zimbabwe ilipopata uhuru, akatuambia kila mwanafunzi achague nchi moja aliyoisikia redioni, aifuate mwaka mzima, na kila Ijumaa asimame mbele ya darasa aeleze nchi yake imeamkaje. Waliokaa mbele wakawahi Zambia, Msumbiji, Zimbabwe yenyewe, Kuba na Uchina. Mimi nilikaa nyuma kwa sababu ya urefu wangu. Zamu iliponifikia, nchi zote nilizozijua zilikuwa zimeisha.

Nikasema, "Belize, mwalimu."

Jina hilo nililisikia juzi yake kwa baba mkubwa Kristofa, kaka yake baba, aliyekuwa na redio pekee katika upande wetu wa kijiji. Redio ile ilivishwa kitambaa cha kufuma na mama mkubwa, ikakaa juu ya kabati peke yake, na haikuguswa na mtu ila mwenyewe. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari tu. Mawe ya redio, yaani betri zake, yalikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo yakichoka baba mkubwa aliyaanika juu ya bati la banda lake la useremala, yakapata joto, yakafanya kazi siku mbili tatu zaidi. Wakati wa habari hakuna aliyekohoa. Msomaji alisema kwamba kanchi kadogo huko Amerika ya Kati, watu wake wote hawafiki watu wa mkoa wetu, kanadai uhuru, na jirani yake mkubwa anasema ardhi ile yote ni yake. Nikaipenda papo hapo. Mimi ndiye mdogo kati ya watoto saba, habari za mkubwa kudai cha mdogo nilizijua vizuri.

Mwalimu Alfonsi aliiandika kwenye orodha yake bila kuuliza, na miezi ya kwanza mambo yalikwenda salama. Nchi yangu haikutajwa mara nyingi. Ijumaa nyingine nilisimama nikasema, "Belize imeamka salama, haina neno," nikaketi. Lakini ilipotajwa, ilitajwa kwa kishindo. Siku moja ikasikika kwamba wakubwa wameandikiana makubaliano na yule jirani, na wananchi wameyakataa, wamegoma kazi, wameandamana, hali ya hatari imetangazwa. Siku nyingine nikasikia kwamba makao yao makuu waliyahamisha kutoka pwani kwenda bara, maana kimbunga kiliwahi kuubomoa mji wa zamani. Hili nililitangaza darasani kifua mbele, kwa sababu sisi nasi tulikuwa tunahamia Dodoma, ingawa kwetu hakikuja kimbunga.

Nyumbani, baba yangu alikuwa mfuasi wangu wa kwanza. Baba hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa shahidi wa mipaka. Kwetu watu wakigombea shamba, barazani huitwa mtu ambaye tangu ujana amelima huku na huku na anajua jiwe gani liliwekwa na nani. Baba akiitwa hakuhutubia. Alitembea. Alikuwa anaupita mpaka wote kwa miguu, kimya, wagomvi wote wakimfuata nyuma, na akifika mwisho anasema, "Ni hapa nilipopita." Ikawa imekwisha. Kazi hiyo haikuwa na mshahara, ilikuwa na sharti moja tu, kwamba mtu huyo hajawahi kukamatwa kwa uongo.

Kwa hiyo habari za Belize alizichukua kikazi. "Huyo jirani mkubwa anasema shamba ni la nani?"

"La mababu zake, baba."

"Na mashahidi wamesemaje?"

"Nchi nyingi zimekaa upande wa mdogo."

"Na walinzi wa huyo mdogo ni nani?"

"Waingereza, baba. Ndio waliomtawala."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Mwenye shamba analindwa na aliyemnyang'anya. Hiyo kesi ngumu, mwanangu. Fuata."

Mwezi wa sita akaja mkaguzi wa shule. Mwalimu Alfonsi, kwa kutaka kumwonyesha kazi nzuri, akatusimamisha mmoja mmoja na nchi zetu. Zamu yangu nikaieleza Belize vizuri, na mgomo wake, na makao makuu yake. Mkaguzi akaniambia niionyeshe kwenye ramani. Ramani yetu ilikuwa ya kitambaa, ya siku za mkoloni, imeliwa na panya upande wa Australia. Nikaenda nikatafuta Amerika ya Kati yote, juu na chini. Belize haikuwepo. Mkaguzi naye akavaa miwani, akatafuta. Haikuwepo.

"Huyu mtoto anatunga," akasema. Akamgeukia mwalimu. "Na wewe unampa vema."

Nilimtazama Mwalimu Alfonsi anitetee. Mungu amrehemu, alikuwa kijana, ana mke na mtoto mchanga, na mkaguzi alikuwa na kalamu mkononi. Akasema nitapewa adhabu. Adhabu yenyewe ikawa kwamba siku ya wazazi, kabla ya kufunga shule mwisho wa mwaka, nitasimama mbele ya watu wote niseme kwamba nilidanganya, isipokuwa nikileta uthibitisho kwamba nchi hiyo ipo. Nilikwenda nyumbani nikilia njia nzima, na watoto wakanifuata wakiniita Mama Belize.

Mimi ningeivumilia aibu ile, watoto tulizoea kuaibishwa. Kilichonivunja ni kilichofuata. Wiki chache baadaye baba aliitwa barazani. Mama Oresta, mjane aliyekaa ng'ambo ya kijito, alikuwa anagombea kipande cha shamba na Mzee Pontiano, mtu mwenye ng'ombe wengi na sauti kubwa. Baba aliupita mpaka kama kawaida yake, akaufuata mstari wa mawe, ikaonekana kipande ni cha mjane. Mzee Pontiano akacheka mbele ya wazee.

"Ndugu zangu, mtu ambaye mwanawe anatunga nchi nzima, yeye atashindwaje kutunga mpaka?"

Watu wakacheka. Wazee nao, badala ya kuamua, wakasema shauri hili lingoje kwanza, tuone. Mama Oresta akarudi nyumbani bila shamba, na mvua zilikuwa zimebaki miezi michache. Kipande kile ndicho alichopandia ulezi wa kulisha watoto wake wanne. Baba jioni ile hakula. Aliniita, nikadhani nachapwa. Akaniuliza swali moja tu, "Uliisikia kwa masikio yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ipo. Tutangoja ijitokeze."

Nami nikawa nakwenda kwa baba mkubwa asubuhi, mchana wa Jumapili na jioni. Nilimchotea maji, nilimfagilia maranda ya mbao, nilimwanikia mawe ya redio, mradi nisipitwe. Mwezi wa nane nikaisikia. Belize itapandisha bendera yake usiku wa manane, kuingia tarehe ishirini na moja Septemba. Nilikimbia mpaka nyumbani bila kupumua.

Baba alifanya jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nafsi yangu inanyanyuka. Hakusema tungoje tuone kama ni kweli. Alivaa koti lake la kanisani, akazunguka nyumba kwa nyumba akialika watu waje kwa kaka yake kusikiliza uhuru wa Belize. Alimwalika Mwalimu Alfonsi. Aliwaalika wazee wa baraza. Alikwenda mpaka kwa Mzee Pontiano, akamwambia, "Wewe usikose. Ukikosa wewe, hakuna kesi." Mama naye akauvumbika ulezi wa pombe, maana uhuru haupokelewi kwa midomo mikavu.

Baba alipiga hesabu yake. Bendera inapanda usiku wa manane, msomaji wa habari naye ni mtu, atalala, kwa hiyo habari itasomwa alfajiri, saa kumi na mbili. Hesabu hiyo kila mtu aliiona imenyooka. Siku hiyo, kabla ya mapambazuko, uwanja wa baba mkubwa ulijaa watu waliojifunika mablanketi. Redio ikatolewa nje kwa mara ya kwanza katika maisha yake, ikawekwa juu ya stuli. Nilikaa karibu nayo kuliko mtu yeyote.

Habari zikasomwa. Mazao, ziara za viongozi, vita mahali fulani, mpira. Habari zikaisha. Belize haikutajwa. Baba mkubwa akaiacha redio wazi, labda wamesahau, labda watarudia. Ikapiga muziki, ikasoma matangazo ya vifo, sauti ikaanza kulegea, mwisho mawe yakafa kabisa. Mzee Pontiano akajikung'uta blanketi akasema, "Dismas, bendera imekwama kwenye mlingoti?" Watu wakacheka wakatawanyika, na pombe ya mama haikuguswa na mtu. Baba alibaki ameketi, koti la kanisani limefungwa vifungo vyote. Nilitamani ardhi ya Ufipa inimeze.

Mwalimu Alfonsi alikuwa amefika nusu ya njia ya shule. Mwenyewe alitusimulia baadaye kwamba alikuwa anawaza somo la jiografia la siku hiyo, akasimama ghafla katikati ya njia, akaanza kuhesabu vidole. Akageuka akakimbia na shati lake jeupe, kelele zikimtangulia: "Kule bado ni jana! Jamani, kule bado ni jana!" Watu wakadhani amepagawa. Akachukua kijiti akachora mviringo chini, akatuonyesha jua liko wapi. Usiku wa manane wa Belize, akasema, ni saa tatu asubuhi ya kwetu, na saa tatu yenyewe haijafika. Tulikuwa tumekatiza usingizi kuingoja nchi ambayo hata chakula cha jioni haijamaliza kula!

Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, aibu ya elimu. Digrii kumi na tano ni saa moja, tulikuwa tumekariri darasa zima, tumepata vema kumi kwa kumi, kisha hesabu tumeiacha ndani ya daftari tukaenda kuungoja uhuru kwa hesabu ya jogoo. Mwalimu mwenyewe alikuwa amekaa pale alfajiri amejifunika blanketi pamoja nasi.

Sasa habari ingekuja saa saba mchana, na mawe ya redio yalikuwa yamekufa. Baba mkubwa akayatoa akayaanika kwenye bati. Jua la Septemba kwetu ni kali, lakini lina upepo, na mimi nilipanda kwenye kiunzi cha banda nikayageuza yale mawe asubuhi nzima, upande huu, upande huu, kama mtu anayechoma mahindi. Baba alikwenda tena kwa Mzee Pontiano. Wengi hawakutaka kurudi, walikuwa na kazi zao, nani achekwe mara mbili? Lakini Mzee Pontiano alikuja, kwa kutaka kucheka zaidi, na wazee watatu wa baraza walikuja nyuma yake. Mama Oresta alikuja na watoto wake wote wanne.

Saa saba ikafika. Baba mkubwa akayapachika mawe, redio ikakohoa, ikasema. Habari ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Sauti ilikuwa inakwenda ikirudi. Habari ya tatu msomaji akasema Belize, nchi iliyokuwa ikijulikana zamani kama Honduras ya Waingereza, imekuwa taifa huru usiku wa kuamkia leo. Akaongeza neno lingine ambalo hatukulisikia, kwa sababu mawe yalikufa pale pale.

Hakuna aliyehitaji neno lingine. Mama alipiga kigelegele, mama mkubwa akakipokea. Baba hakufanya lolote ila kufungua kifungo kimoja cha koti. Mwalimu Alfonsi akatuongoza wote mpaka darasani, akaweka kidole juu ya ramani ya kitambaa, Amerika ya Kati, upande wa bahari. Palikuwa na kipande kidogo cha rangi ya waridi, na jina lake lilikuwa Honduras ya Waingereza. Mwaka mzima nilikuwa nimepita juu yake.

Baba akauliza, "Na sisi hapo tumeandikwaje?"

Mwalimu akahamishia kidole Afrika. "Tanganyika, mzee. Mimi ndiye niliyeongeza Tanzania kwa wino. Zimbabwe pia niliongeza. Huku ng'ambo sikuwa nimefika."

Akanipa kalamu. Jina likawa kubwa kuliko nchi, herufi mbili za mwisho zikaangukia baharini. Baba akaja karibu, akaweka kidole chake kigumu cha jembe kwenye ramani, akauzunguka mpaka wa Belize taratibu, kimya, mpaka alipoanzia. Wazee wa baraza walikuwa wanamwangalia yeye, hawakuangalia ramani.

Kwetu Ufipa mdogo akimheshimu mkubwa huchutama na kupiga makofi polepole. Siku ile Mzee Pontiano, mwenye ng'ombe wake na sauti yake, alichutama mbele yangu mimi mtoto wa darasa la sita, akapiga makofi. Kisha akainuka akawaambia wazee, "Mpaka ni wa mawe. Andikeni." Mama Oresta aliwahi mvua, nami siku ya wazazi sikusimamishwa kukiri uongo. Na pombe ya mama ilinywewa yote, Mwalimu Alfonsi akiwa wa kwanza kuomba kibuyu kijazwe tena.

Niseme nini leo? Mjukuu wangu yuko hapa Sumbawanga mjini, akisalimia anasema mambo, anajibiwa poa, na simu yake inajua nchi zote. Nilipomtajia Belize aliibonyeza, akanionyesha bendera, fukwe na watalii kabla sijamaliza kutamka, akasema, "Bibi, kumbe ni ndogo hivi?" akapita kwenda kwenye kitu kingine. Simlaumu. Hajaingoja. Kitu kisichongojwa hakimkai mtu moyoni, na sisi tulikuwa na utajiri huo, tulijua kungoja, kijiji kizima, kwa ajili ya watu tusiowahi kuwaona na ambao hawatajua kamwe kwamba tuliwapigia kigelegele.

Baba alitutoka miaka mingi iliyopita. Kila tarehe ishirini na moja Septemba mimi huvaa kitenge changu kizuri nikapita mjini nimenyooka. Watu wakiniuliza nina sherehe gani, nawaambia ukweli, kwamba ni uhuru wa Belize. Hucheka, wakadhani bibi anatunga. Nami sina tena mtu wa kuvaa koti na kwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia kwamba mwanawe amesikia kwa masikio yake, basi ipo.